Mabapa Saba

Yalikuwa saba kila upande, yamelaliana
kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka,
kutu imeyagandisha, na kati ya la nne na la tano
kijiwe cha chumvi ya Trona, sijui cha mwaka gani.
Niliyapulizia mafuta jioni tatu mfululizo.
Nati hazikutikisika.
Celestino akasema, "Hizi hazifunguki, Twyla, hizi zinakatwa,"
akawasha grenda, cheche zikaruka
mpaka kwenye viatu vya baba
ambavyo hakuna aliyethubutu kuviondoa pale ukutani.

Gari hili, Fodi la mwaka sitini na saba,
lilipanda korongo la Panamint kabla sijazaliwa,
limebeba madumu ya maji, nyundo za kupasulia miamba,
na Harlan Pruitt, mtu wa maneno kumi kwa siku,
manane kati ya hayo akiliambia gari.
Halikuwa gari la kumbembeleza mtu.
Ukipita juu ya jiwe, jiwe nalo linapita ndani yako:
linaingilia matakoni, linatokea kwenye meno.
Mama alisema mimba yake ya pili iliishia njia ile.
Alisema mara moja tu, akikaanga mayai,
na hakuna aliyemuuliza.

Basi nilikata.
Nikasugua chesisi mpaka ikang'aa kama mfupa,
nikapima. Nikapima tena. Timazi, uzi, chaki sakafuni,
ekseli imening'inia kwenye minyororo
kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani.
Celestino alichomelea minara miwili ya chuma,
polepole, kama anayemshonea mwanawe jeraha.
Mabapa, alinieleza, yalikuwa na kazi mbili:
kulibeba gari, na kuishika ekseli isitoroke.
Koili inajua kubeba tu.
Ukiyaondoa mabapa lazima uweke mikono ya kushika,
minne, yenye vichwa vinavyozunguka,
"la sivyo utaondoka wewe, ekseli ibaki."
Nilicheka.
Kisha nikatoka nje, nikakaa juu ya tairi.

Februari tukafunga koili nyekundu, na ndani yake
shokapu zenye mafuta na gesi ya nitrojeni,
kwa dola ambazo sitazitaja mbele ya mama.
Nikashusha jeki. Gari likashuka, likasita,
likakaa, kama mtu anayejaribu kiti cha ugenini.
Kushoto kumelala kidogo, nusu inchi. Nitarekebisha.

Nikaenda nalo korongoni peke yangu.
Mawe yaleyale. Magurudumu yanapanda na kushuka
huko chini, yanahangaika na dunia yao,
na mimi nimekaa juu, kahawa haimwagiki.
Kipya kinyemi. Nilipiga kelele za furaha, sikatai.
Nikasema, "Unaona, baba?"
na baba, ambaye angesema "Mm,"
hakusema.

Jioni nikarudi kwa mama.
Miaka arobaini mabapa yale yalilia tangu relini,
nzii-kwaa, nzii-kwaa, maili nzima kabla ya nyumba,
na kila yalipolia mama aliepua sufuria,
akaenda kufungua lango, akifuta mikono kwa aproni,
hata siku walizokuwa hawasemezani.
Nilifika langoni. Limefungwa.
Taa ya jikoni inawaka; namwona anapita dirishani,
anarudi, anatafuta kitu kabatini.
Upepo wa chumvi unatoka kwenye ziwa kavu.
Hajui kama nimefika.

Honi ya gari hili haijawahi kupigwa pale.
Sikujua hata kama inafanya kazi.
Nilikaa muda, kiganja juu ya usukani,
kisha nikashuka, nikalifungua lango mwenyewe.
Bawaba zikalia.
Mama akainua kichwa.