Upande wa Pili

Georgine amelala, au anajifanya.
Umeme umerudi saa nne na nusu usiku,
nami nimeifuta santuri kwa kitambaa cha miwani,
nikaiweka mahali pake
kama mtu anayelaza mtoto wa mwingine.

Bendi ya Malakiti, Lubumbashi, sabini na sita.
Kwenye jalada: vijana watano chini ya kilima cheusi cha taka za shaba,
suruali pana kama sketi,
na nyuma yao dohani, ambayo mpiga picha aliikata kichwa.
Musoya ndiye asiyetazama kamera.
Alishaamua, nadhani.
Sisi tulidhani ni jua.

Mimi simo pichani. Nilikuwa mbeba nyaya,
miaka kumi na mitano, funguo za ghala mfukoni, na kikohozi.

Hawakupendwa, nisidanganye.
Kamalondo ilitaka kucheza, wao wakaleta hesabu ya saba.
Kilufya akipiga, wachezaji wanakanyagana;
bibi mmoja alivua kiatu, akakaa, akaagiza soda.
Mwenye baa akamwinamia Tshiswaka kwenye ogani:
"Mtoto, watu wangu wana miguu mbili.
Ile mingine mitano nitaitoa wapi?"

Baada ya Musoya walipata mwimbaji mwingine,
sauti safi, iliyopigwa pasi,
mtu aliyejua kuvuta pumzi bila kusikika.
Santuri zake mbili ninazo pia.
Hazina mkwaruzo hata mmoja.
Elewa unavyotaka.

Upande wa pili ni wimbo mmoja, dakika kumi na tisa:
wachimbaji wanashuka na lifti ya mgodi,
ogani inashuka nao, ngazi kwa ngazi,
na kwa muda mrefu hakuna anayeimba.
Zamani ukimya ule ulinitia aibu.
Nilisema amesahau maneno.
Leo nasikia midomo yake ikifunguka, ikifungwa,
mara tatu,
halafu kikohozi (changu, nyuma ya mlango),
ndipo anaimba:
"Taa yangu nimewaachia. Msiizime kwa kunitafuta."

Miaka yote hii nimeusikia kama mstari wa mchimbaji.

Jumatatu iliyofuata kitanda chake kilikuwa kimetandikwa.
Wengine walisema Kitwe. Wengine Kolwezi, kwa mwanamke.
Mama yake, kule Katuba, aliendelea kununua
sabuni ya watu wawili.

Sasa sikia. Ampli yangu inakula betri ya gari,
lakini mashine inayozungusha santuri inaitegemea SNEL,
na SNEL, katikati ya neno "kunitafuta",
ikaondoka.

Sauti haikukatika. Ilianza kushuka.
Ikawa ya mwanaume wa miaka arobaini,
ikawa ya mwenye wajukuu, mwenye kifua,
ikawa ya mzee anayeburuta neno moja
kutoka kitandani hadi mlangoni,
hakufika.

Sijawahi kumsikia amezeeka. Hakuna aliyemsikia.

"Ni nani ule alikuwa anasema?" Georgine, gizani.
"Musoya."
"Ashakuwa muzee hivi?"
"Ashakuwa."
Akageuka ukutani, kitanda kikalia.

Nilipaswa kuinua sindano. Fundi yeyote anajua:
umeme ukirudi ghafla, inakwangua.
Sikuinua. Nilikaa na kitaa chekundu cha ampli,
nikiwa na mzee wangu mle ndani, amesimama katikati ya neno,
na sikuwa na haraka naye.

Saa saba kasorobo balbu ya barazani ikafumbua jicho.
Santuri ikaanza kuzunguka, taratibu,
na mzee akapanda kutoka chini, ngazi kwa ngazi,
akaacha kifua, akaacha wajukuu.
Nikanyoosha mkono.
Nimechelewa:
ana miaka ishirini na mitatu tena,
anamalizia neno lake,
na ule mlango unaolia nyuma yake
ni mimi niliyeuacha wazi.