Mkeka wa Tatu Kutoka Mlangoni

Binti yangu Kaisa alinilipia siku tatu.
"Nenda ukapumue, mama," akasema, "majani yanapukutika,
ndio wakati wake." Hakujua,
au alijua akanyamaza,
kwamba nyumba hiyo ya mapumziko kule Sarvemaa
ni zizi letu la zamani, la shamba la ushirika,
nilimokamua miaka kumi na tisa.

Wamepaka chokaa. Wamefukia mfereji wa mavi,
juu yake wametandika mbao za msonobari zinazonukia sabuni.
Dirisha alilolivunja Eevald kwa koleo
sasa lina kioo kizima, na nje yake
miti ya magome meupe inadondosha jani, inangoja,
inadondosha jingine,
kama bahili anayelipa deni.

Tuko kumi na wawili, soksi za sufu, hakuna viatu.
Mwalimu Liisbet, mwembamba kama ufito,
sauti yake maziwa ya uvuguvugu,
anasema: simameni, muwe mti.
Nasimama. Goti langu linalia kama bawaba.
Anasema: pigeni magoti, viganja chini,
mgongo juu, muwe paka;
mgongo chini, muwe ng'ombe.

Hakuna ng'ombe anayesimama hivyo.
Nilitaka kusema. Nikameza.

Asubuhi yoga, mchana uyoga:
tulishika vikapu tukaingia msituni,
na huko nikawa mwalimu mimi.
Huu kula. Huu acha. Huu mzuri sura, utakuua kabla ya Jumapili.
Rasmus wa benki, aliyetoka mjini na kisu kipya,
alinifuata nyuma kama ndama,
akiuliza kila kofia iliyochungulia kwenye kuvumwani.
Juu yetu korongo walipita kuelekea kusini,
wakigombana njia nzima.

Jioni tukapewa makaa na karatasi.
"Choreni mnachotaka kukiachilia," alisema Liisbet,
"kama mti uachiliavyo jani."
Rasmus akachora simu.
Yule mjane wa Pärnu akachora duara,
akakaa akilitazama hadi chai ikapoa.
Mkono wangu, sikuutuma,
ukachora sikio. Sikio kubwa, lenye manyoya ndani,
na kibati: 214.

Mwaka ule ushirika ulipovunjwa
malori yalikuja kabla ya mapambazuko.
Wenzake walipigwa fimbo ndipo wakapanda.
Yeye aligoma mlangoni, miguu minne kama misumari,
akanigeukia.
Nikamwambia twende, mama, twende,
nilivyomwambia kila alfajiri,
naye akapanda, kwa sababu sauti ilikuwa yangu.

Moto uliwashwa uani. Kila mtu akatupa karatasi yake,
ikajikunja, ikang'aa, ikawa si kitu.
Wakapiga makofi taratibu.
Yangu niliikunja mara nne nikaisukuma ndani ya soksi.
Liisbet aliona. Akaongeza kuni, basi.

Siku ya mwisho tulilala chali, macho tumefumba.
Mkeka wangu ulikuwa wa tatu kutoka mlangoni,
upande wa kushoto. Sikuuchagua. Labda niliuchagua.
"Vuta pumzi," alisema, "shusha."
Chini ya mbao, chini ya saruji,
kitu kikubwa, chenye joto, kikavuta nami,
kikashusha nami, kwa mwendo wake, si wangu,
pole pole, kama mtu asiye na lori la kungoja.
Nililala usingizi. Nilikoroma, wanasema.
Hakuna aliyeniamsha hadi supu.

Kaisa akapiga simu jioni ile.
"Haya mama, umeacha nini huko?"
Kiganja changu kilikuwa bado na masizi.
Nikamwambia: nimerudi na kilo mbili za uyoga,
njoo kesho, uje na chumvi.