Mkasi wa Michongoma

Nilikuwa mtunza bustani wa gesti moja pale Forest, Mbeya mjini.
Wageni walipenda kupiga picha
na korongo wawili wenye mataji ya dhahabu
waliotembea nyasini kama wenye nyumba.
Hakuna aliyeuliza kwa nini hawaondoki.

Hawakuondoka kwa sababu yangu.
Kila mwaka mvua zilipokatika bosi aliniita,
nikambana ndege kwapani, miguu kwa nyuma,
nikalifungua bawa kama mtu anayefungua mwavuli,
bawa moja tu, ili akose mizani,
na kwa mkasi uleule wa michongoma
nikakata. Kra. Kra. Kra.
Elfu tano kwa ndege.
"Haumii," bosi alisema, "ni kama kucha."
Nikazitazama kucha zangu, zenye udongo.
Nikaona kweli.

Siku watu wa kituo walipokuja na barua na askari wa wanyamapori
bosi alihamia kwenye simu yake.
Walihitaji mtu wa kuwashika ndege; ni mimi niliyeujua uzito wao.
Ndivyo nilivyopata kazi Igawilo:
mabanda manne ya wavu, tangi, mkokoteni,
ofisi ambayo bati lake lilitobolewa na mvua ya mawe,
na Daktari Tusekile, anayempokea yeyote afikaye usiku:
bundi aliyepigwa manati Iwambi,
ngedere aliyekatwa kidole na waya wa breki ya baiskeli,
kakakuona aliyetolewa chini ya kiti cha basi la Tunduma,
amejikunja kama ngumi.

Nilidhani tutawapa korongo dawa, wataruka.
Daktari akacheka kidogo. Kisiki cha unyoya hakioti, alisema.
Mpaka kidondoke chenyewe, ndipo mpya uchomoze.
"Tunasubiri, Mwampashi. Nimekuajiri usubiri."

Nikasubiri. Juni ikateremsha ukungu
mpaka ndani ya soksi.
Asubuhi niliokota visiki vyangu bandani,
vimekatwa mshazari, alama ya mkasi bado ipo,
nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Unyoya mchanga una damu ndani yake.
Miaka sita nilikuwa sijui.

Ijumaa tunaenda shuleni. Sibebi ndege. Nabeba mkasi,
nauweka mezani mbele ya Darasa la Tano, nasimulia.
Uyole, msichana mmoja, sweta limemzidi mikono,
akanyoosha kidole:
"Ulilipwa shilingi ngapi?"
Mwalimu akakohoa.
Nikamjibu. Elfu tano kwa ndege.
Akapiga hesabu kwenye kiganja,
ndege wawili, mara miaka sita:
"Elfu sitini."
Kimya kile sijakisikia hata kanisani.
Nilitaka kumwambia zilinunua madaftari,
ya mtoto kama yeye. Sikumwambia.

Na kuna jambo ambalo shuleni silisemi.

Jike aliruka Novemba, bila kuaga.
Alikimbia hatua saba, nane, akazidi wavu,
akazunguka mara mbili juu ya viazi vya Mama Sekela,
watu wakaacha majembe,
kisha akashika upande wa Usangu.

Dume hataruka.
Mwaka ule wa kwanza, mkono ukiwa mgeni,
nilikata mbali mno, nikafika kwenye mfupa.
Alipiga kelele. Nilimwambia bosi
huyu ana mdomo tu.

Sasa kila alfajiri, kabla sijamimina mahindi,
husimama mbele yangu, anainamisha taji,
anatandaza bawa zima na bawa bovu,
anaruka juu kimo cha ndoo, anatua.
Anasubiri.
Daktari anasema ni ngoma ya wawili,
mmoja akicheza mwingine hujibu.

Nina miaka hamsini na mitatu, magoti ya kupalilia.
Naangalia barabarani kama kuna mtu.
Naweka debe chini.
Naruka.