Nguo za Korongoni

Beseni la kwanza limegeuka jekundu:
korongo limetufuata hadi Majengo.

Soksi za Mwanakheri zimebeba mchanga wa mto.
Mfukoni mwa Zahran mna kokoto tatu
alizoapa mbele ya askari wa hifadhi
kwamba hakuziokota.

Leso yangu yanukia maporomoko. Siifui bado.

Kisha suruali ya Badi.
Jana usiku aliwahadithia majirani
alivyolivuka lile daraja la kamba, kifua mbele,
maji yakinguruma chini kama lori la mawe.

Magoti yote mawili yameganda udongo.
Nyuma, alama za viganja:
alijifuta jasho mara ngapi?

Naongeza sabuni.
Nasugua magoti mpaka yatakate,
na Bi Thureya akichungulia dirishani
namwambia, alivuka wima.