Mguu Unakula

Mwezi wa sita, Katuba. Baridi inauma masikio,
na vumbi la barabara ya Kipushi halijui mlango uliofungwa.
Numbi anafika na baiskeli, mabidoni mawili ya njano
yamekazwa kwa mpira wa tairi,
koti lake linanuka moshi wa porini.
"Asali mbichi," anasema. "Haijaona moto
ila ule wa kuwafukuza wenyewe."

Nafungua kifuniko. Juu yanaelea
mabawa matatu, punje ya nta, gamba la mti.
Ile ya dukani inang'aa haina doa;
hii imekuja na mashahidi wake.
Jirani anachovya njiti ya kiberiti, anaiwasha:
ikishika moto, eti, ndiyo ya kweli.
Numbi anacheka. "Njiti inawaka kwa sababu ni njiti.
Wewe niulize mti."
Naye anaitaja miti, muputu, mutondo,
kama mtu anayetaja shemeji zake.

Baba alikaa miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuru,
akimimina shaba.
Siku ya kwanza alipoona asali ikishuka chupani,
nyekundu, nzito, haina haraka,
alirudi nyuma hatua moja.
Mwili ulikumbuka kabla yake.

Sasa ana sukari. Siyo ya kikombe, ya damu.
Na kidonda cha kisigino, miezi saba,
kimekaa kama mpangaji asiyelipa.

Muuguzi Kapend alisema:
"Mdomoni, hapana. Asali ni sukari
hata ikiwa mbichi, hata ikidondoka mbinguni.
Vidonge asubuhi na jioni, hakuna mjadala.
Kwenye kidonda..."
Akanyamaza. Akatazama kabati lake:
bandeji mbili, na picha ya Bikira.
"Osheni kwa maji ya chumvi yaliyochemka yakapoa.
Pakeni kidogo. Kikinuka, kikivimba, njooni mbio.
Na siyo mimi niliyewaambia."

Basi kila jioni naosha, nakausha,
nachota kwa kijiko nilichokichemsha.
Baba anakitazama kisigino kikinyweshwa.
"Ajabu," anasema. "Mguu unakula,
mdomo umekaa kama mgeni ambaye hakukaribishwa."
Mchovya asali, walisema, hachovyi mara moja.
Baba hachovyi hata hiyo moja.

Kayombo, wa miaka minne, ana kijiko chake.
Kikohozi kinamwamsha saa nane usiku;
nampa kimoja, na maji ya uvuguvugu, na ndimu.
Koo linalainika, analala.
Nami nalala. Hiyo ndiyo faida
ambayo hakuna aliyeniandikia kwenye chupa.

Mama Mwadi akaleta kichanga chake cha miezi mitano:
"Mguse ulimi tu, na yeye anakohoa."
Nikakataa. Kabla ya mwaka mmoja, asali kwa mtoto ni hatari,
mpeleke kwa Kapend.
Alinuna. Heri anune.

Mwezi wa nane kidonda kimepungua
kutoka upana wa kifuniko hadi wa haragwe.
Kapend anasema ni vidonge. Numbi anasema ni muputu.
Shangazi anasema ni mfungo wake wa siku tatu.
Baba anageuza mguu juani, anaukagua
kama alivyokagua sahani za shaba zilizopoa.
"Mimi nilifanya kazi kwenye moto," anasema,
"wale wadogo wanafanya kazi gizani,
halafu tunawatoa kwa moshi.
Hakuna kati yetu aliyelipwa hesabu yake ya mwisho."

Leo asubuhi, kwenye ukingo wa chupa,
nimekuta alama ya kidole.
Kinene. Chenye kovu la zamani katikati.
Sikusema kitu. Nimeifuta,
nimepandisha chupa juu ya kabati,
mahali ambapo ule mguu
bado haujaweza kumfikisha.