Ripoti ya Saba Kutoka Mwezi wa Plastiki

Keith Ollerenshaw ana ndevu za chuma na moyo wa siagi.
Juu ya duka la dobi, Attercliffe, mjini Sheffield,
palipokuwa karakana ya visu,
amejenga chombo cha anga kwa trei za mayai,
nyaya za rangi sita, zulia lililoungua,
na sintesaiza aliyouziwa na mjane wa mpiga kinanda wa kanisa.

Kila miezi mitatu chombo hutaga santuri.
Nakala mia tatu. Hazirudiwi.
Ya pili: Roboti Aliyeogopa Mvua.
Ya tano ni dakika nane za friji
ikiililia setilaiti iliyoolewa mbali.
Mimi nilikuwa mfunga maboksi tu,
Jumamosi, pauni kumi na chai.

Jina langu Mwamvua. Nilizaliwa mvua ikinyesha,
nikahamia mji ambao kila mtoto wake
angestahili kuitwa hivyo.

Siku moja akavua hedifoni sikio moja:
"Ya saba inataka nahodha.
Sauti isiyo ya dunia hii."
Akanitazama.
Keith, nikamwambia, mimi ni wa Chumbageni.
"Ndiyo hiyo," akasema. "Sema chochote. Kwa ukali kidogo."

Chochote ni neno pana.
Mbele ya maikrofoni nikatafuta unabii, sikuupata.
Nikatafuta nyota; kichwani mlikuwa na bili ya gesi.
Ndipo mama, marehemu mama, upawa mkononi,
akapita kooni mwangu bila kupiga hodi:

     Nani kaacha mlango, na mbu wanaingia?
     Nimehesabu matango, mawili yamesalia!
     Huyo mwenye tumbo pango, mimi nitamfikia!
     Simama hapo ulipo, naja na upawa pia!

Keith alikuwa amefumba macho.
Akaichukua sauti, akaitia mwangwi,
akaikatakata kama bamia, akaishusha
mpaka vikombe vikatetema kwenye sinki,
akaifunga kwenye midundo mia na thelathini na mbili kwa dakika.
Mama akawa Kamanda wa Mirihi.
Jaladani wakamchora na kanga ya fedha,
amepanda roketi yenye mdomo wa birika.

Siku nne, santuri zikaisha.
Mtu wa Leeds akaandika barua ndefu:
Wambu ni viumbe wanaovamia lango la anga.
Mwingine, Toronto, akatuma ramani
ya Matango Mawili, sayari pacha
zilizosalia baada ya vita.
Sikumsahihisha mtu.
Nani kasema tango haliwezi kuwa na mwezi wake?

Kisha Novemba. Ghala la mabomba kando ya mto Don,
moshi wa mashine, vijana wenye antena za waya
na glovu za kuoshea vyombo.
Nilikaa pembeni na soda yangu.
Midundo ilianzia nyayoni,
ikapanda magotini, ikabisha mbavuni, halafu

ikakatika.

Giza. Kimya cha pumzi mia nne.
Na juu yetu, kubwa kuliko paa, mama:
NANI KAACHA MLANGO

Mikono mia nane ikaenda juu.
Ila miwili.
Kwenye mlango wa dharura, Byamungu wa Bukavu,
mlinzi, koti la njano, sandwichi mdomoni,
aliyekuwa ameuegemeza mlango kwa tofali apate hewa,
akaruka, akalipiga teke tofali,
akausukuma mlango kwa bega, akaitika:
"Ni mimi, mama! Unisamehe!"

Midundo ikarudi. Wote wakaruka.
Yeye akabaki ameshika kitasa,
akikitazama kipaza sauti kama mtu
anayengoja kuambiwa aende akalale.

Nikamfuata. Nilicheka mpaka soda ikamwagika,
na si yote iliyonilowesha uso ilikuwa soda.
Akaniinamia sikioni:
"Huyu mama ni wa wapi?"

Wa Mirihi, nikamwambia.
Lakini kwao Tanga.

Akatikisa kichwa polepole,
kama anayeujua mtaa.