Eneo la Wazi, Kitalu D

Mkono huu ndio ulioichora Ipuli mpya,
kwa wino mweusi na rula ya futi mbili,
na kipande kimoja cha kijani nilichokipaka
kwa penseli ya mwanangu, ya shule.
Juu yake nikaandika: ENEO LA WAZI.
Hatua tisini kwa sitini. Nilizipima kwa miguu,
kijana bado, mbegu za majani zimeng'ang'ania suruali.

Kijani hakikudumu.
Ilikuja barua, ukaja muhuri,
vikaja viwanja vinne "vya nyongeza",
na mimi huyu huyu nikashika futikamba,
nikachimbia bikoni, nikasaini.
Sikula hongo. Nilinyamaza tu;
na kunyamaza nako kuna posho yake.

Leo mjukuu wangu Nyanzala,
mwenye jina la mama yangu, aliyezaliwa mwaka wa njaa,
kaleta kikaratasi kutoka shule:
miaka tisa, kilo hamsini na moja.
Mama yake kaficha sukari, kapiga marufuku maandazi.
Shangazi kasema, "Mtoto mvivu huyu."
Mvivu!
Kuku aliyefungiwa tengani,
nani humlaumu kwa kutotembea?

Shule iko hapo, kengele yake tunaisikia,
lakini barabara niliichora pana, ya malori,
njia ya miguu nikaisahau.
Basi asubuhi bodaboda, mchana bodaboda,
jioni geti. Kisha ukuta, ukuta, ukuta,
vigae vya chupa vikimeta juu,
na ndani ya kila ukuta mtoto mmoja na mpira mmoja
usio na wa kuurudisha.

Ng'ambo nilikokulia nyumba zilibanana,
ila kati yake palipita uchochoro, na uchochoro
ukamwagikia penye mchanga, na pale
kombolela haikwisha mpaka mama aite mara ya tatu.
Hakuna aliyetuambia tufanye mazoezi.
Neno lenyewe hatukulijua.

Jumamosi nimeikunjua ramani ya kwanza mezani.
"Babu, hiki cha kijani ni nini?"
Sikujibu. Nimevaa viatu.
Tumetoka kulitafuta jiwe la pembe,
yeye akihesabu hatua kwa sauti, akikosea,
akirudi mwanzo, akikimbia ili asisahau namba,
jasho, kicheko, nywele zimefumuka upande,
mpaka tukalikuta. Maandishi bado yanasomeka,
chini ya bomba la maji machafu la mtu.

Mlinzi akachungulia getini. "Mzee, mnatafuta nini?"
Nikawa natafuta neno la kitaalamu.
Nyanzala akanitangulia:
"Uwanja wetu."

Lori likapita, vumbi likatufunika.
Lilipotulia alikuwa bado ananitazama,
mguu mmoja mbele.
"Babu, turudi kwa kuhesabu tena?"